Baada ya Upasuaji wa Endo: Maumivu ya Kungojea na Maumivu ya Kukimbilia Hospitali

Mtungi wa maji wa lita 20 una uzito wa kilo 20. Mwanamke aliyetoka kupasuliwa kwa sababu ya endometriosisi kwa kawaida huambiwa asinyanyue zaidi ya kilo 5 kwa wiki 4 hadi 6, yaani robo ya mtungi. Huku Bofa, kando ya mji wa Kilifi, na katika vijiji vingi vya kuelekea Malindi ambako mfereji leo unatoa na kesho umekauka, agizo hilo si jambo dogo. Ndiyo maana nashikilia kwamba kupona kwa ugonjwa huu hakuamuliwi na daktari peke yake. Sehemu kubwa huamuliwa nyumbani: nani atateka maji, nani atafua, nani atapika, na nani atamwacha mgonjwa alale bila kumnung'unikia.

Makala haya ni ya wanawake waliokwisha kupasuliwa au waliopangiwa siku, na ni ya waume, mama, nyanya na mawifi watakaokaa nao. Ugonjwa wenyewe nitaueleza kwa ufupi. Tishu zinazofanana na ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi huota mahali pasipo pake: kwenye ovari, nyuma ya mfuko wa uzazi, juu ya utumbo au kibofu, na mara chache hata kifuani. Huwasha, huvimba, huacha makovu, na makovu hayo yanaweza kugandanisha viungo ambavyo vilipaswa kuteleza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wasichana na wanawake wapatao milioni 190, sawa na asilimia 10 ya walio katika umri wa kuzaa, wanaishi nao. Kenya ilijifunza mengi kuhusu endo, kama wagonjwa wenyewe wanavyoiita, kupitia kwa mtangazaji Njambi Koikai. Ugonjwa ulimfika mapafuni, akaenda kutibiwa Atlanta nchini Marekani, na alifariki Nairobi tarehe 3 Juni 2024. Alisema hadharani mambo ambayo wengine walikuwa wakinong'onezana chumbani. Huku pwani msichana wa namna yake angeambiwa ana chango, avumilie, akizaa litakwisha.

Mtu aliyeambiwa hivyo kwa miaka mingi huingia chumba cha upasuaji na tumaini kubwa: nikitoka, nimepona. Kisha wiki ya tatu inafika na bado anaumwa, na hofu inamwingia kwamba ama daktari hakufanya kazi yake, ama ni yeye mwenyewe aliye dhaifu. Mara nyingi si hili wala lile. Maumivu baada ya upasuaji huu yana aina zake na nyakati zake, na anayezijua hupungukiwa na hofu, na hujua lini asingoje.

Mlango mdogo, kazi kubwa

Upasuaji wa endo hufanywa kwa njia mbili. Ya kwanza ni laparoskopi: daktari hutoboa matundu madogo 3 au 4, moja kitovuni na mengine chini ya tumbo, hujaza tumbo gesi ya kaboni dayoksaidi ili apate nafasi ya kuona, kisha huingiza kamera na vyombo vyembamba. Ya pili ni kufungua tumbo kwa mkato mmoja mrefu. Aliyefanyiwa laparoskopi huenda akarudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake, na kwa kazi ndogo anaweza kuwa na nafuu baada ya wiki 2. Kama ugonjwa ulikuwa umeenea na ukachunwa sehemu nyingi, hesabu wiki 4 hadi 6. Aliyefunguliwa tumbo ahesabu wiki 6 hadi 8, na uchovu unaweza kuendelea miezi kadhaa.

Familia nyingi hukosea hapa. Wanaona plasta tatu ndogo na kuuliza, "Mbona mimi nilipasuliwa mtoto, na siku ya kumi nilikuwa jikoni?" Jibu ni kwamba jeraha la endo haliko kwenye ngozi. Mlango ulikuwa mdogo, lakini ndani daktari amechuna tishu kwenye ovari, kwenye kano zinazoshika mfuko wa uzazi, pengine juu ya utumbo, na kila alipochuna pamebaki kidonda kinachohitaji kufunga chenyewe. Kabla ya kutoka hospitalini omba karatasi ya maelezo ya upasuaji, na umuulize daktari kwa lugha unayoielewa: ulikuta nini, ulitoa nini, uliacha nini na kwa nini? Majibu hayo ndiyo yatakayokuambia kama wewe ni wa wiki 2 au wa wiki 6. Ihifadhi karatasi hiyo pamoja na kitambulisho chako, kwa sababu kila daktari utakayemwona baadaye ataiulizia.

Safari ya kurudi

Mwanamke wa Kilifi anayehitaji mtaalamu wa laparoskopi mara nyingi huelekezwa Mombasa au Nairobi. Kutoka Mombasa ni kilomita 60 hivi. Panda gari lenye nafasi, kaa kiti cha mbele, na uweke mto mdogo au leso iliyokunjwa kati ya tumbo na mkanda wa kiti. Kila tuta la barabarani, bana mto huo taratibu kwa mikono miwili. Ukifika mjini usimalizie safari kwa bodaboda. Chukua tuktuk na umwambie dereva mapema kwamba umepasuliwa, aende pole. Kuingia, kalia ukingo wa kiti kwanza kisha uzungushe miguu yote miwili pamoja. Usipande kwa mguu mmoja ukajivuta.

Aliyepasuliwa Nairobi ana mtihani mkubwa zaidi. Kukaa usiku kucha kwenye basi bila kunyoosha miguu baada ya upasuaji huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Ikiwezekana ngoja siku kadhaa kwa jamaa kule kule, na umuulize daktari lini unaruhusiwa kusafiri. Treni ya Madaraka hadi Miritini ina faida moja kubwa: unaweza kuinuka na kutembea kwenye njia ya behewa. Kama ni basi, shuka kila linaposimama, na ukiwa umekaa chezesha vifundo vya miguu juu na chini, mara nyingi uwezavyo.

Siku za mwanzo

Jambo linalowashtua wengi ni maumivu ya bega. Umepasuliwa tumbo, lakini ukivuta pumzi bega la kulia linachoma kama limepigwa. Ni mabaki ya ile gesi. Hukaa chini ya kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na neva za hapo hupeleka habari zake begani. Kwa kawaida huisha ndani ya siku 2 au 3, na ni nadra kupita wiki. Kutembea polepole ndani ya nyumba husaidia, kulala chali kwa muda husaidia, na kitambaa cha vuguvugu begani hutuliza.

Tumbo kujaa na kuvimba kidogo pia ni kawaida. Koo linaweza kuwasha kwa sababu ya mpira uliowekwa wakati wa nusukaputi. Utatokwa na damu kidogo ukeni kwa siku chache, pengine wiki moja au mbili. Tumia sodo, usiweke kitu ndani. Na utachoka. Uchovu huu si uvivu. Mwanamke anayetembea kutoka kitandani hadi barazani na kurudi akahema, amefanya kazi ya siku hiyo.

Kuinuka kitandani kuna ufundi wake. Usijivute kwa tumbo. Geuka ulalie ubavu, kunja magoti, shusha miguu nje ya kitanda, kisha jisukume kwa mkono na kiwiko mpaka ukae. Pumua mara mbili tatu ndipo usimame. Kama unalalia mkeka au godoro la sakafuni, omba kitanda kwa wiki hizi za kwanza, kwa kuwa kuinuka kutoka chini kunakaza tumbo zima. Ukitaka kukohoa, kupiga chafya au kucheka, bana mto tumboni kwanza. Choo cha kuchutama nacho kinatesa. Kiti cha plastiki kilichokatwa tundu katikati, kikawekwa juu ya shimo, kimewaokoa wengi na kinatengenezwa kwa nusu saa.

Mavazi, huku kwetu tumebarikiwa. Dera ndilo vazi la mgonjwa huyu: halibani kitovu, linapitisha hewa, linavaliwa bila kuinama. Msimu wa kaskazi, joto linapokuwa kali na jasho halikauki, vidonda vikaushwe kwa kitambaa safi kila baada ya kuoga, kwa kugusa bila kusugua. Usipake poda, mafuta, asali wala dawa ya meno. Uliza kama nyuzi zako huyeyuka zenyewe au zinatolewa, na zinatolewa siku gani.

Kwa anayeswali: huna haja ya kulazimisha rukuu na sijda tumbo likiwa bichi. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kuswali amekaa, hata amelala. Na upasuaji ukiangukia Ramadhani, dawa zina saa zake. Mgonjwa hula, akalipa siku zake baadaye.

Dawa kwa saa

Kosa ninalolisikia kila mara ni la mtu kungoja maumivu yawe makali ndipo ameze dawa. Kwa siku za kwanza, fanya kinyume: meza kwa saa, hata kama wakati huo huumwi sana. Maumivu yakishapanda, dawa hiyo hiyo huchukua muda mrefu kuyashusha.

Parasetamoli kwa mtu mzima ni vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, na visizidi vidonge 8 kwa saa 24. Dawa za kundi la ibuprofeni, kwa mfano miligramu 400 mara 3 kwa siku baada ya chakula, hufanya kazi vizuri zikiandamana na parasetamoli. Lakini ibuprofeni, diklofenaki, naproksini na asidi ya mefenamiki ni ndugu wa kundi moja. Usimeze mbili kati yake kwa pamoja ukidhani unaongeza nguvu. Unaongeza vidonda vya tumbo na mzigo kwa figo. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu aseme kabla ya kuandikiwa. Na soma karatasi za dawa za dukani, maana nyingi za mafua na kichwa zina parasetamoli au aspirini ndani yake, ukajikuta umepita kipimo bila kujua.

Tramadoli na kodini ni za maumivu makali ya siku chache. Zinalevya, zinaweza kumzoeza mtu, na hazichanganywi na mnazi wala pombe nyingine. Zinafunga choo pia, na kukosa choo baada ya upasuaji wa nyonga ni mateso ya peke yake, kwa sababu kujikamua kunavuta vile vidonda vya ndani. Anza mapema: maji ya kutosha, papai bivu, ukwaju, mchicha, uji wa nafaka isiyokobolewa. Siku 3 zikipita bila choo, uliza dawa ya kulainisha kabla hali haijawa mbaya. Ukikaa chooni, weka miguu juu ya kigoda ili magoti yapande, pumua nje taratibu, usijikamue.

Nyanya na maji ya moto

Katika nyumba nyingi za pwani, mwanamke akitoka hospitalini na tumbo lililopasuliwa, wazee hutaka kumkanda kwa maji ya moto na kumfunga tumbo kwa leso, kama afanyiwavyo mzazi. Nia ni njema na mikono hiyo imelea vizazi. Tatizo ni kwamba kidonda kibichi hakipendi maji ya moto wala kubonyezwa; kinaweza kuungua, kufumuka au kuingiwa na vijidudu.

Sipendi kuona kijana akimvunjia mzee heshima kwa ajili ya maagizo ya hospitali, na hakuna haja. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Mjukuu wangu, lala nikukande, damu mbaya itoke."

"Ahsante, nyanya. Daktari amenikataza maji ya moto juu ya vidonda mpaka vifunge. Lakini mgongo na miguu vinaniuma sana. Nikande hapo."

Hapo nyanya amepata kazi na mgonjwa amepata nafuu ya kweli. Kukanda mgongo, mapaja na nyayo kwa mafuta ya nazi ya vuguvugu kunatuliza misuli iliyokakamaa. Vidonda vikishafunga, chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa leso na kuwekwa chini ya tumbo kwa dakika 15 au 20 ni tiba nzuri ya maumivu ya endo, nyakati za hedhi hasa. Usiiweke wazi juu ya ngozi. Ngozi ya pembeni mwa mikato huwa na ganzi kwa muda na mtu huungua bila kusikia. Leso ya tumboni ikivaliwa, iwe ya kushika tu, isibane pumzi.

Kuhusu mitishamba, ninachosema kwa nguvu zote ni hiki: usiingize chochote ukeni, si majani, si unga, si mvuke wa kukalia. Na kama unakunywa dawa yoyote ya mizizi, mwambie daktari bila kuogopa, kwa sababu baadhi zinaweza kuzidisha kutoka damu au kugongana na dawa zako.

Maumivu ya kukimbilia hospitali

Maumivu ya kawaida ya baada ya upasuaji yana tabia moja: kila baada ya siku chache yanapungua, hata kama yanapungua kwa hatua fupi. Yanayopanda badala ya kushuka hayangojwi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, usiku au mchana, ukiona homa ya nyuzi 38 au zaidi, au baridi ya kutetemeka. Tumbo linalozidi kuvimba na kukaza. Kutapika kusikokoma, au kukosa kabisa kupitisha hewa. Kidonda kinachotoa usaha, kinachonuka au chenye wekundu unaotambaa. Damu ya ukeni inayojaza sodo moja kwa saa. Mkojo usiotoka, au unaotoka ukiunguza na damu. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, au pumzi ikakukatika ghafla na kifua kikauma, usingoje hata chai ishuke jikoni. Huenda damu imeganda na kupanda mapafuni.

Kwa mkazi wa Bofa, Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kilifi iko mjini, karibu. Wa Malindi wana hospitali yao ya kaunti ndogo. Usiwaze kwanza kumpigia aliyekupasua huko mbali. Nenda iliyo karibu, onyesha ile karatasi ya upasuaji, kisha wao wawasiliane naye. Na mapema, kabla hujazidiwa, hakikisha una namba ya dereva mmoja wa tuktuk anayepokea simu saa nane za usiku.

Hatari ya wiki ya pili

Wiki ya pili ndiyo inayoharibu kazi ya wiki ya kwanza. Mgonjwa anajisikia mwepesi, vidonda vya nje vimekauka, na nyumba imechafuka machoni pake. Anainama kufagia ua. Anakaa juu ya mbuzi kukuna nazi moja tu. Tazama mkao ule: umekaa karibu na sakafu, magoti yametanuka, mwili umeinama mbele, na kila mkuno wa kifuu unakaza tumbo la chini na sakafu ya nyonga, mara mia mbili kwa nazi moja. Jioni analala na maumivu ya siku ya pili. Kufua kwenye beseni la chini ni vivyo hivyo, na kumpakata mtoto wa miaka 2 kiunoni kunazidi, kwa kuwa anazidi kilo 10.

Kanuni inayosaidia ni kufanya nusu. Ukijiona unaweza kutembea dakika 20, tembea 10, pumzika, uone kesho mwili unasemaje. Kama kesho ni sawa, ongeza kidogo. Kama umeumia, rudi nyuma siku mbili, bila kujilaumu. Kazi za kukaa mezani zianze kwanza: kuchambua mchele, kukata mboga, kukunja nguo ukiwa kitini. Maji yachotwe kwa kidumu cha lita 3. Mtoto apande mwenyewe kitini kisha akukalie, usimnyanyue.

Kwa kutembea, Bofa ina kitu ambacho wagonjwa wa mijini hawana. Maji yakipwa, mchanga wa chini huwa mgumu na sawa kwa mwendo mrefu, asubuhi mapema kabla jua halijachoma. Tembea hapo, peku au na makubazi. Mchanga mkavu wa juu uuache, unazamisha mguu na kuchosha kiuno. Kuoga baharini kungoje mpaka vidonda vifunge kabisa, damu ikome na daktari akubali.

Hedhi ya kwanza, na ya pili

Nalisema hili waziwazi kwa sababu linawavunja moyo wengi: hedhi ya kwanza baada ya upasuaji inaweza kuuma kuliko zile za zamani. Inaweza kuwahi, kuchelewa, kuwa nzito au kuwa na mabonge. Ndani kungali na vidonda. Usiichukue kuwa hukumu ya upasuaji. Andaa dawa siku moja au mbili kabla, andaa chupa ya maji ya moto, omba ruhusa ya kazi mapema. Kipimo cha haki ni baada ya miezi 3 hadi 6, na ili upime unahitaji kumbukumbu. Daftari la shule linatosha: tarehe, maumivu kwa namba 0 hadi 10, damu, choo, usingizi, dawa ulizomeza. Daktari mwenye dakika chache atasoma ukurasa huo haraka kuliko atakavyosikiliza simulizi.

Huenda ukashauriwa kutumia dawa za homoni baada ya upasuaji: vidonge vya dienojesti au noretisteroni, vidonge vya uzazi wa mpango, sindano, au kitanzi cha homoni. Hazikuondolei ugonjwa, zinaunyamazisha, na zinapunguza uwezekano wa kurudi. Na hurudi kweli: tafiti zilizokusanywa pamoja zimekadiria kurudi kwa mgonjwa 1 kati ya 5 ndani ya miaka 2, na asilimia 40 hadi 50 ndani ya miaka 5. Simtishi mtu kwa takwimu hizi. Nataka yule ambaye ugonjwa umemrudia ajue kwamba hakuuita kwa kula kitu fulani au kwa kukosa imani. Dawa nyingi za homoni huzuia mimba, kwa hiyo kama unataka mtoto karibuni, sema mapema, mpango wako utakuwa tofauti. Kitu kimoja kisikubaliwe kirahisi: kuambiwa kwamba kuzaa au kutoa mfuko wa uzazi ndiko dawa ya uhakika. Kuna wanaopata nafuu, na kuna wanaoendelea kuumwa, kwa sababu tishu za endo hukaa nje ya mfuko huo.

Maumivu yasiyoondoka

Miezi 6 imepita, picha hazionyeshi ugonjwa mpya, na bado unaumwa. Hapo watu huanza kukuambia ni mawazo. Si mawazo. Neva zilizopigiwa kengele ya maumivu kwa miaka 10 huwa nyepesi kulia hata kidonda kikipona, na misuli ya sakafu ya nyonga, iliyozoea kujikaza kila hedhi, husahau kulegea. Dalili zake ni maumivu wakati wa tendo la ndoa, wakati wa choo, ukikaa muda mrefu. Tiba yake ni tofauti na upasuaji: mtaalamu wa tibamaungo, dawa za neva kwa kipimo kidogo ambazo daktari huandika, na mazoezi ya pumzi. Zoezi la kuanzia ni hili. Lala chali, mto chini ya magoti, mkono mmoja juu ya kitovu. Vuta pumzi puani mpaka tumbo liinue mkono, na uache sehemu za chini zilegee kama unavyolegea unapoanza kukojoa. Toa pumzi polepole mdomoni. Dakika 5, asubuhi na usiku. Yale mazoezi ya kubana misuli ya uke yanayosifiwa sana usiyaanze bila kupimwa. Kwa misuli iliyokwisha kukaza yanazidisha.

Tendo la ndoa lingoje mpaka damu ikome na vidonda vipone, mara nyingi wiki 4 hadi 6, na zaidi kama kulichunwa karibu na uke. Mume aambiwe tarehe hiyo na daktari akiwepo, ikiwezekana, ili mke asiwe ndiye anayekataa kila usiku. Siku ya kwanza ikiuma, acheni. Kuvumilia kwa ajili ya kumridhisha kunaifundisha misuli kujikaza zaidi.

Moyo nao huumia. Ukijikuta unalia kila siku, hulali, au unawaza kwamba ni heri usingekuwepo, hilo nalo ni la kutibiwa, si la kufichwa. Msalaba Mwekundu wa Kenya hupokea simu za ushauri bure kwa namba 1199.

Kazi na pesa

Wanawake wengi wa Bofa hufanya kazi za kusimama na kuinama: kutandika vitanda vya wageni, kuosha majumba ya likizo, kukaanga mahamri alfajiri. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 30, inampa mfanyakazi aliyekaa kazini miezi 2 mfululizo angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, kila miezi 12, akiwa na cheti cha daktari. Siku 14 hazitoshi upasuaji mkubwa wa endo, kwa hiyo mwombe daktari aandike pia kazi nyepesi: kutonyanyua magodoro, kutopanda ngazi na ndoo, zamu fupi kwa wiki kadhaa. Mwajiri mwenye akili atakubali, kwa kuwa mtu aliyerudi mapema mno huishia kukosa tena.

Anayejiajiri hana cheti cha kumpa mtu. Kwake maandalizi ni kabla: kumkabidhi dada au jirani jiko la mahamri kwa makubaliano ya mgao, kuweka akiba ya chama kwa ajili ya wiki hizo, na kulipia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Mchango ni asilimia 2.75 ya mapato, na usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Kabla ya siku ya upasuaji, uliza ofisi ya bima ya hospitali yenyewe ni kiasi gani kitalipwa na kiasi gani utatoa mfukoni, na upate jibu kwa maandishi. Uliza vilevile kama vipimo vya tishu zilizotolewa na ziara za kurudi kliniki vimo ndani yake, kwa sababu hizo ndizo gharama zinazosahaulika, na ziara ya wiki ya 6 ndiyo ile ambayo wengi huikosa kwa kukosa nauli.